Sikio au maikrofoni? Shajara ya kuchagua bafle na sabufa za sebule moja ya Lubumbashi

Kazi hii ni ya kuweka sauti ya sinema katika sebule moja ya mtaa wa Bel-Air. Chumba kina urefu wa mita 5.2, upana wa mita 3.9 na kimo cha mita 2.8. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta, sakafu ni simenti, dari ni tripleksi (plaiwudi) na juu yake mabati. Kochi la watu watatu limewekwa mita 3.6 kutoka ukuta wa skrini, katikati ya upana. Risiva ya 5.1 (ampli ya bafle tano na sabufa moja) ilikuwapo tayari. Bajeti ya vingine vyote: dola 1,500.

Timu iligawanyika mapema. Kuna waliosema bafle (masanduku ya spika) hununuliwa kwa masikio, na kuna waliosema masikio hudanganyika, tupime. Tukakubaliana kila hatua ipitie njia zote mbili, na kila mara zinapopingana tuandike kwa nini. Bafle na sabufa (bafle za besi) tumezipa herufi badala ya majina ya viwanda, kwa sababu tulipima kimoja kimoja tu cha kila aina.

7 Juni 2025: Hesabu ya chumba

Hatua hii haina gharama, na wengi huiruka. Chukua kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Urefu wetu unatoa hezi 33 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), upana hezi 44, kimo hezi 61. Mara mbili ya ile ya kwanza ni 66. Kwenye masafa hayo chumba chenyewe kinaimba, bafle iwe ya dola 100 au ya dola 10,000.

Pale pale tuliona tatizo litakalotusumbua Septemba: kochi liko katikati kabisa ya upana, na katikati ya upana ndipo wimbi la hezi 44 linapozimika. Wa katikati atakosa besi ile, wa pembeni ataipata. Tuliandika, kisha tukasahau.

14 Juni: Madukani, kwa sikio tupu

Tulisikiliza jozi tatu katika maduka ya katikati ya mji. A ni bafle ndefu ya kusimama sakafuni, wufa (spika za sauti nzito) tatu, dola 240. B ni ndogo ya juu ya stendi, wufa moja ya inchi 6.5, dola 310. C ni mitumba, umbo kama la B, dola 180.

A ilishinda bila ubishi. Kura saba kati ya saba. Ilikuwa "na nguvu", "wazi", "inajaza chumba". Kwa bahati mmoja wetu alikuwa na programu ya kupima desibeli kwenye simu, na kwa kitufe kile kile cha sauti A ilikuwa juu ya B kwa desibeli 4. Haikuwa ajabu: karatasi ya A inaandika desibeli 90 kwa wati 1 kwa mita 1, ya B inaandika 86. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kidogo, haliripoti "hii iko juu". Linaripoti "hii ni nzuri". Muuzaji mzoefu anajua hilo vizuri kuliko sisi.

Siku hiyo tulikosea mambo mengine matatu: tulisikiliza muziki wa muuzaji, kila bafle ilikuwa mahali pake (A kwenye kona, ambako besi hupanda), na tuliona bei. Matokeo yote ya tarehe hii tumeyafuta.

21 Juni: Maikrofoni imefika, na kosa la faili

Tulinunua UMIK-1 ya miniDSP, dola 118 pamoja na usafiri. Inachomekwa kwenye USB, na kila maikrofoni ina faili lake la urekebishaji linalopakuliwa kwa namba yake. Programu ya kupimia ni REW ya John Mulcahy. Haina malipo kwa kazi kama hii.

Grafu za kwanza zilionyesha bafle zote tatu zikipanda kuanzia hezi 6,000 hadi juu kabisa. Bafle tatu za viwanda vitatu hazina kasoro moja inayofanana hivyo. Ukiona hivyo, shuku kifaa kabla ya kushuku bafle. Namba moja ya maikrofoni ina mafaili mawili: la nyuzi 0, maikrofoni ikielekezwa kwenye bafle, na la nyuzi 90, ikielekezwa darini. Sisi tulielekeza kwenye bafle tukapakia la nyuzi 90. Faili hilo linaongeza sauti za juu ili kufidia zile ambazo maikrofoni ingekosa ikisimama wima, na yetu haikuwa imezikosa.

Kanuni tuliyobaki nayo: bafle moja kwa karibu, nyuzi 0. Chumba kizima na chaneli nyingi, wima na nyuzi 90. Tumeandika kwa kalamu ya chuma kwenye kasha la maikrofoni.

28 Juni: Uani, saa kumi na moja alfajiri

Ukipima bafle ndani ya chumba kwa umbali wa kochi, unachokipata ni bafle na kuta vikiwa vimechanganyika. Kuijua bafle peke yake kunataka kuikata sauti kabla mrudio wa kwanza haujafika. Ndani, bafle ikiwa kwenye kimo cha mita 1.4 na maikrofoni mita 1 mbele yake, mrudio wa sakafu unafika milisekunde 5.8 baadaye, chini ya hezi 170 grafu haina maana tena. Tuliazima jukwaa la mafundi ujenzi, tukapandisha bafle hadi mita 2 katikati ya uwanja. Sasa tuna milisekunde 9, yaani tunasoma kwa uhakika kuanzia hezi 110 hivi.

Alfajiri si kwa mapenzi: Juni ni baridi, lakini saa hiyo hakuna upepo wala jenereta ya jirani. Jogoo wapo. Tulirudia kila kipimo mara 4.

Kila bafle ilipimwa mbele, kisha nyuzi 15, 30, 45 na 60 kwa kuzungusha stendi. Hapo ndipo A ilipoanza kujieleza. Mbele ilikuwa na kilele cha desibeli 4 karibu na hezi 100, pale kipimo kinapoanza kupoteza uhakika, na kingine kwenye hezi 8,000. Ukienda nyuzi 30 pembeni, kati ya hezi 2,000 na 3,000 kuna bonde la desibeli 6: wufa zimekwishaanza kubana sauti mbele na twita (spika ya sauti za juu) bado haijapokea kazi. B ilikuwa imenyooka ndani ya desibeli 2.5 juu au chini kuanzia hezi 150 hadi 15,000, na grafu zake za pembeni zilishuka taratibu bila mashimo. C ilikuwa kati yao.

Kwa nini pembeni ni muhimu, wakati wasikilizaji wanakaa mbele? Kwa sababu sauti nyingi inayofika kwenye kochi imegonga ukuta kwanza. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alilifanyia kazi jambo hili miaka mingi, kwanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, kisha Harman pamoja na Sean Olive: bafle iliyonyooka mbele na laini pembeni ndiyo wasikilizaji wasioiona huipenda, mara nyingi kuliko nyingine. Kambi ya maikrofoni ilitaka tununue B siku hiyo hiyo. Kambi ya masikio ikadai jaribio la haki, na ilikuwa na haki.

5 Julai: Pazia la kikwembe

Jaribio la kipofu linahitaji pazia. Tulitundika kikwembe (kitenge), kwa kuwa kilikuwapo. Grafu ya B nyuma ya kikwembe ilishuka desibeli 4 kwenye hezi 10,000, na ilipokunjwa mara mbili, desibeli 7. Kitambaa cha nta kimefungana mno, hewa haipiti. Kipimo rahisi cha dukani: weka kitambaa mdomoni, puliza. Ukihisi pumzi upande wa pili, kinafaa. Tulinunua vuali nyeusi ya mapazia, mita 4, na hasara ikashuka chini ya nusu desibeli.

Kosa la pili: kubadilisha bafle kwa mikono kulichukua sekunde 40. Kumbukumbu ya sauti haidumu hivyo. Kufikia sekunde ya 40 unalinganisha bafle na hadithi uliyojisimulia. Fundi mbao alikata duara la sentimita 110 kutoka ubao mzito, akalikalisha juu ya kitovu cha gurudumu la nyuma la pikipiki. Bafle tatu mgongo kwa mgongo, twita zote kwenye kimo cha sikio. Kuzungusha: sekunde 5. Ni kifaa cha dola 20 ambacho tungekirudia kabla ya kununua kitu kingine chochote.

12 Julai: Jaribio lenyewe

Bafle moja moja, si jozi. Stereo huficha kasoro, mono huzianika. Viwango vililinganishwa kwenye kochi kwa kelele ya pinki (mvumo wa majaribio wenye masafa yote) kati ya hezi 500 na 2,000, tofauti isizidi nusu desibeli. Wasikilizaji saba, mizunguko mitatu kila mmoja, mpangilio ukibadilika. Mzungushaji naye yuko nyuma ya pazia na haruhusiwi kusema.

Sauti zilikuwa nne: gitaa kavu, likembe (ala ya vyuma ya kupigwa kwa vidole gumba), kelele ya pinki, na fundi wa timu akisoma bei za soko, aliyerekodiwa uani. Hii ya mwisho ndiyo iliyofaa kupita zote. Mwenye sauti alikuwa ameketi chumbani, kwa hiyo kila msikilizaji angeweza kumwambia: "Vieux, sema tena kidogo," kisha akalinganisha.

Wastani kwa 10, wakiona bafle: A 8.1, C 6.6, B 6.4. Wasipoona: B 7.3, C 6.8, A 5.2. Wasikilizaji ni wale wale, na jioni ni ile ile. Toole na Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba macho hubadilisha hukumu ya masikio, hata kwa watu wa kazi hiyo. Sisi tuliona A ikipoteza karibu pointi 3 kwa kufunikwa na vuali tu. Watu saba si wengi, na namba hizi zinaamua sebule hii peke yake.

Maelezo yaliyoandikwa bila kuona yanavutia zaidi ya alama. Kuhusu A: "ameingiza kichwa kwenye ndoo", mara tano. Hicho ni kile kilele cha hezi 100, mahali pa kifua cha sauti ya mwanaume. Kuhusu likembe kwenye A: "chuma kinauma". Hezi 8,000. Hakuna msikilizaji aliyekuwa ameona grafu.

Lakini masikio pia yalikamata kitu ambacho maikrofoni ilikikosa. Wawili waliandika kwamba C "inapumua" kwenye gitaa. Grafu ilikuwa safi. Tulipoifungua, mpira wa pembeni ya wufa ulikuwa umeachia gundi kwa sentimita 3. Hewa ilipita hapo kwa sauti ndogo mno kuonekana kwenye kipimo kilicholainishwa kwa theluthi ya oktevu. C ikatoka.

Tumenunua B, na bafle ya kati ya familia yake kwa dola 165. Ya kati isichaguliwe peke yake: mtu anapotembea kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, sauti yake isibadilike kuwa ya mtu mwingine. Za nyuma ni mitumba, dola 80, hazikufanyiwa jaribio.

2 Agosti: Sabufa za dukani

D: inchi 12, "wati 1,000" kwa herufi za dhahabu. E: inchi 10, sanduku lililofungwa bila tundu, bei mara mbili ya D.

Kabla ya kusikiliza, soma mgongo. Fyuzi ya D ni ampea 1. Kwa volti 220 hiyo ni wati 220 zinazotoka ukutani, na zinazofika kwenye koni ni pungufu. Kipimo cha karibu (maikrofoni sentimita 1 kutoka koni) kilionyesha kilima cha hezi 60, kisha mporomoko chini ya 45. Wasikilizaji waliipenda: dum, dum, dum. Ni noti moja tu, na noti hiyo inakutana na hezi 61 na 66 za chumba. Baada ya dakika 20 ya filamu, kila mlango unaofungwa na kila bunduki inayolia ni noti ile ile. Hapa tulijifunza kwamba hata jaribio la kipofu linadanganya likiwa fupi: sekunde 15 za besi yenye kilima husisimua, dakika 20 huchosha.

E ilikuwa safi hadi hezi 32 lakini ilibana mapema. Kwa kiwango kamili cha sinema, bafle kuu hutakiwa kufika desibeli 105 kwenye vilele, na chaneli ya besi 115. Hatuhitaji hiyo, majirani wapo. Tukipunguza 12 tunabaki na 103 kwa besi. E ilifika 91 kwenye hezi 30 kabla ya kulalamika.

Kitu kimoja cha hapa kwetu: mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi kuliko pwani, na koni ikisogea kiasi kile kile inatoa karibu desibeli 1 pungufu. Namba za karatasi za kiwanda zipunguze kidogo.

Umeme nao. Siku ya kipimo volti zilikuwa 178 jioni na 219 usiku wa manane. Kwa ampli ya zamani yenye transfoma, nguvu ya juu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kilele kilishuka karibu desibeli 2. Sauti ya kawaida haibadiliki; kinachoshuka ni mahali inapoanza kupasuka. Vipimo vya jioni tulivitupa, tukanunua stabilizateri kwa dola 75.

Uamuzi: si D wala E. Tunajenga.

16 hadi 30 Agosti: Sanduku F, na lita zilizopotea

Mota (spika yenyewe, bila sanduku) ya inchi 12, dola 95. Sanduku la MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 18, ndani sentimita 36 kwa 36 kwa 48, lita 62. Tundu la hewa ni bomba la PVC la milimita 110 (ndani 104), urefu sentimita 63 na kona moja. Lengo: tundu liimbe kwenye hezi 24.

Shiti la kwanza liliharibika. Tulimpa fundi vipimo vya ndani bila kusema ni vya ndani, akakata mbao zote kama vya nje. Sanduku likawa dogo kwa milimita 36 kwenye kila kipimo. Dola 52 zimeenda. Sasa kila mchoro una neno NDANI au NJE kwa herufi kubwa.

Sanduku la pili lilikuwa sawa, lakini kipimo cha ukinzani kilionyesha bonde kati ya vilima viwili, ambalo ndilo alama ya tundu, kwenye hezi 26, si 24. Lita 62 ni za sanduku tupu. Ndani yake tuliingiza bomba (lita 6), mota (2.5) na vishikizo vya mbao (1.5). Hewa iliyobaki ni lita 52, na tundu lile lile kwenye lita 52 linatoa hezi 26. Kurefusha bomba kwa ndani kungekula hewa tena, basi tuliunga sentimita 15 kwa nje, ubavuni. Kipimo kipya: 24. Si maridadi. Anayejenga upya aanze na lita 72 tupu, na bomba libaki ndani.

Mengine kwa ufupi: ubao wa mbele maradufu, milimita 36, gundi ya mbao kwenye kila kiungo, skrubu kila sentimita 12, kingo za MDF vanishi mara tatu, kwa sababu msimu wa mvua ukifika kingo tupu hunywa unyevu na kuvimba. Mdomo wa bomba usiuache mkali. Wetu ulipiga "pfff" kwenye hezi 25, tukauzungusha kwa tupa na msasa hadi ukawa kama mdomo wa tarumbeta. Maikrofoni haikuonyesha kitu. Sikio lilisikia kutoka mlangoni.

Ampli ya mitumba, dola 130. Mbele yake miniDSP 2x4 HD (kifaa cha kuchuja na kurekebisha sauti), dola 228, yenye kichujio cha kukata chini ya hezi 20. Usikiruke. Chini ya hezi za tundu, koni haina hewa ya kuishika, inakimbia hadi kugonga.

13 Septemba: Bonde la hezi 44

F iliwekwa kona ya mbele kushoto. Kiti cha katikati: shimo kwenye hezi 44, desibeli 11 chini ya viti vya pembeni. Ndilo lile la 7 Juni.

Tulifanya kosa ambalo kila mwenye ekwalaiza (kirekebishi cha kupandisha au kushusha masafa) hulifanya: tuliinua hezi 44 kwa desibeli 9. Grafu ya katikati ilisogea desibeli 2. Viti vya pembeni vikaanza kuunguruma, na ampli ikaunguza fyuzi, kwa sababu desibeli 9 ni nguvu mara nane. Shimo hili halitokani na upungufu wa sauti. Mawimbi mawili yanafutana, na ukiongeza moja unaongeza na lenzake. Kilele hupunguzwa kwa ekwalaiza. Shimo huhamishwa kwa kusogeza sanduku au kochi.

Kochi halisogei, mama mwenye nyumba amekwishasema.

27 Septemba: F mbili

Sanduku la pili, sawasawa na la kwanza. Moja katikati ya ukuta wa mbele, la pili katikati ya ukuta wa nyuma. Katikati ya upana sabufa haiwezi kuliamsha wimbi la hezi 44, na zikiwa mbele na nyuma zinalisukuma lile la hezi 33 pande mbili zinazopingana, likanyamaza. Mtafiti wa sauti Todd Welti alichapisha hesabu za mipangilio ya namna hii mwaka 2002.

Tofauti kati ya viti vitatu kwenye hezi 44 ilitoka desibeli 11 hadi 3. Hakuna ekwalaiza bado. Kwenye hezi 25 nguvu ilipanda kutoka 97 hadi 101, si 103: sehemu ya msaada wa chumba imezimwa pamoja na lile wimbi. Tuliokubali hasara hiyo tulikuwa wengi.

Baada ya hapo ekwalaiza ilibaki na kazi ndogo: kupunguza desibeli 5 kwenye hezi 62.

11 Oktoba: Makutano ya hezi 80

Krosova (mpaka ambapo bafle huiachia sabufa besi) ya hezi 80. Kipimo kilionyesha bonde la desibeli 8 pale pale kwenye 80, sauti za ngoma zikawa nyembamba. Sababu: miniDSP na vichujio vyake vinachelewesha sabufa kama milisekunde 5. Kwenye risiva tuliongeza mita 1.7 kwenye umbali wa sabufa, tukasogeza kwa hatua za sentimita 15 hadi bonde likafunga. Tulijaribu pia kufanya hivi kwa sikio tu. Saa mbili, watu watatu, majibu matatu. Kwa maikrofoni, dakika 10.

Kisha mambo yakageuka. Besi ikiwa imenyooka kama rula, wote saba walisema filamu imekuwa kavu. Hakuna aliyetetea mstari. Kwa sauti ya chini ya ile ya sinema, sikio hupoteza besi kwanza. Tuliipandisha taratibu kuanzia hezi 120 hadi desibeli 5 juu kwenye hezi 40, tukajaribu 3, 5 na 8 kwa kipofu. Tano ilibaki.

18 Oktoba: Dari linalia

Wasikilizaji walilalamika kuhusu "nyuki" kwenye besi. Grafu zote ni safi. REW ikatoa hezi moja moja polepole, mtu akatembea na mkono juu darini: kwenye hezi 41 vipande viwili vya tripleksi vinagongana juu ya mlango. Tulifungua, tukaweka vipande vya mpira wa chemba kati ya tripleksi na mbao, skrubu kila sentimita 30. Nyuki mwingine alikuwa kioo cha picha, wa tatu kishikio cha dirisha. Rudia hadi uchoke.

8 Novemba: Mvua ya kwanza kubwa

Kwenye kochi, desibeli 71 za mabati. Maneno ya bafle ya kati yalipotea. Kuipandisha hiyo ya kati kwa desibeli 3 kulisaidia kidogo tu. Tumetandaza zulia zito kuukuu juu ya nusu ya tripleksi, upande wa kochi. Mvua iliyofuata ilikuwa ndogo na haikutupa jibu.

Gharama hadi leo, kwa dola:

- Maikrofoni 118
- Bafle B 310, ya kati 165, za nyuma 80
- Mota mbili 190
- MDF shiti tatu (moja limeharibika) 156
- Bomba, gundi, skrubu, vanishi, mpira 61
- Ampli 130, miniDSP 228, stabilizateri 75
- Pazia, duara na kitovu cha pikipiki 34
- Fyuzi na pusipusi (mkokoteni) 19

Jumla 1,566, tumevuka kwa 66. Zulia la nusu ya pili linatafutwa, na kipimo cha mvua kitarudiwa mabati yakianza kulia tena.